Wanawake Watano na Kitufe cha Kuruka

4 Machi

Mvua za kwanza zimeanza leo, nami nimeanza kazi mpya. Sijui kipi kitadumu zaidi.

Ofisi ni chumba kimoja kirefu juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira inapanda ngazi pamoja nasi. Tuko wanne. Bosi ni kijana mpole anayeniita dada na kutanguliza samahani kabla ya kila amri. Fundi wa kompyuta ni msichana anayetafuna chingamu kuanzia asubuhi hadi jioni. Mchoraji wanamwita Penseli, ingawa hajashika penseli miaka mingi. Anachora juu ya kioo kwa kijiti cha plastiki, hedifoni masikioni, na anaweza kumaliza siku bila kusema neno. Wa nne ni mimi, msahihishaji wa vitabu vya shule kwa miaka kumi na sita, mwandishi wa kitabu kimoja cha hadithi fupi. Nakala zilizobaki zimo katika maboksi mawili yanayobeba televisheni ya shangazi yangu. Sijasikia kama zimemfaa mtu mwingine.

Tunatengeneza mchezo wa kusoma. Kwenye skrini anasimama mwanamke aliyechorwa, na chini yake kuna kisanduku cha maneno. Mchezaji anabonyeza, maneno mengine yanakuja. Mara mojamoja anachagua jibu moja kati ya mawili. Mwanamume wa hadithi hana sura wala jina, kwa kuwa ni mchezaji mwenyewe. Wanawake ni watano: nesi, mkutubi, makanika, rubani na mpishi. Majina hawana, bosi anasema majina yanawachanganya wateja. Wote watano wana kiuno kimoja.

Kila baada ya robo saa lazima itokee kile wanachokiita zawadi, yaani picha ya mwanamke ambaye kwa sababu fulani nguo zake zimepungua. Kazi yangu ni kutafuta sababu.

7 Machi

Nimetafuta sababu sita. Nne ni mvua.

12 Machi

Nimemsomea shangazi sura ya kwanza ya hadithi ya mkutubi huku akichambua mchele. Shangazi ana nyonga mbovu na ulimi mzima. Alisikiliza kwa adabu mpaka pale mkutubi anapopanda ngazi kufuata kitabu na sketi inanasa kwenye msumari. Akauliza huyu binti ni wa nani. Nikamwambia si wa mtu, ni mkutubi tu. Akauliza kwao ni wapi, ana mama, ana ndugu, akitoka kazini anarudi kwa nani. Nikamwambia hayo hayamo.

"Basi huyo si mtu," akasema, "ni sketi na msumari."

Nilicheka. Nilipogeuza ukurasa alikuwa amesinzia, mkono bado umo kwenye ungo.

15 Machi

Leo nimepoteza subira, jambo ambalo huwa silifanyi kazini. Nilimwambia bosi mbele ya wote kwamba tunachotengeneza si hadithi, ni kamba ya kuanikia picha. Hakukasirika. Alisema wateja hawasomi, wanabonyeza kitufe cha kuruka mpaka wafike kwenye zawadi, na hilo si dhana, wamelipima. Nikamjibu kwamba wanaruka kwa kuwa hakuna kinachowasimamisha. Akanitajia methali, kizuri chajiuza. Nikamwambia methali hiyo ina nusu ya pili, kibaya chajitembeza, na cha kwetu kinajitembeza nusu uchi.

Fundi wa kompyuta aliacha kutafuna. Bosi alifikiri kidogo, kisha akasema polepole, kama mtu anayetaka mashahidi:

"Samahani, dada. Akitokea mteja mmoja, mmoja tu, akatuandikia kusifu maneno na si picha, mchezo unaofuata ni wako. Hadithi yako, mwanzo mpaka mwisho, na zawadi sifuri."

Nikamuuliza, asipotokea? Akasema asipotokea, mkataba wangu unaishia na mvua, mwisho wa Mei, na tutaagana vizuri.

Nimekubali. Hadithi ninayo tayari, ya mwanamke anayekaa kando ya barabara na mizani, akipima watu uzito. Nimeibeba kichwani miaka minane. Naitaka nafasi hii kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu kitabu changu kitoke, na naandika hivyo hapa kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka.

16 Machi

Mvua. Ndoo imewekwa chini ya paa linalovuja, karibu na meza ya fundi. Hakuna jipya.

20 Machi

Penseli ananichosha. Ametoa hedifoni mara tatu leo, na kila mara alikuwa na swali. Makanika anashika spana kwa mkono gani? Nilimwambia wowote. Nesi akitoka zamu ya usiku analala saa ngapi? Nikasema haijalishi, kwenye hadithi hatoki zamu. Mpishi aliwahi kuungua? Nikamwambia afanye anavyopenda, mradi paja lionekane, maana ndilo analolipwa kuchora. Alivaa hedifoni, akarudi kwenye kioo chake.

Huyu ni mtu aliyechora mapaja mia mbili kwa mwaka. Sielewi spana inamhusu nini.

28 Machi

Nimegundua kwamba machaguo yote ya mchezaji yanaishia mahali pamoja. Ukimwambia rubani "Nakupenda", anaona haya na anavua koti. Ukimwambia "Niache", anakasirika na anavua koti. Nilimuuliza fundi kama hilo limekusudiwa. Alisema kuchora koti moja ni rahisi kuliko mawili, na hapo hakudanganya.

3 Aprili

Nimemaliza mwisho wa njia ya makanika, yaani hadithi ya mchezaji anayemchagua yeye. Nimeufanyia kazi siku tano, na bosi aliniacha bila kuniuliza chochote. Mwanamume anamkuta makanika gereji, vifaa vimefungwa kwenye sanduku. Amepata nafasi mji mwingine na kesho anaondoka. Mwanamume anamwambia yote aliyokuwa ameyaficha, ukurasa mzima, na mwisho kabisa anasema, "Usiende, Makanika." Naye anaweka sanduku chini na kujibu, "Siendi popote."

Hapa ndipo barua yangu itatoka. Atakayeufikia mwisho huu bila kuruka lazima aandike. Nimeusoma kwa sauti mara nne, na mara ya nne sauti ilinitetemeka kidogo.

Shangazi aliusikiliza macho makavu. Aliuliza kazi aliyopata huko mji mwingine inakuwaje sasa. Nikamwambia ameiacha, kwa mapenzi. Akasema hajawahi kumwona fundi mwenye akili anayefunga vifaa vyake akavifungua kwa sababu ya hotuba. Shangazi hajui hadithi.

9 Aprili

Siku ndefu. Asubuhi mvua ilinyesha kwa nguvu, ndoo zikawa mbili. Bosi aliingia akiwa amelowa mpaka magotini, akatuita mezani. Tarehe ya kutoa mchezo imerudishwa nyuma wiki tatu, tuutoe mapema, kwa sababu kampuni nyingine inatoa wa kwao mwezi wa sita nao una wanawake saba.

Nilisema haiwezekani, nina mwisho mmoja tu uliokamilika, bado minne. Bosi akaomba radhi, kisha akauliza kama mwisho wa makanika ni mzuri. Nikasema ni mzuri sana. Akauliza, sasa kwa nini usitumike kwa wote?

Nilidhani anatania. Alieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Hakuna mteja anayecheza njia zote tano mfululizo. Kila mmoja ana mwanamke wake. Ukipata maneno mazuri, kwa nini uyabanie? Nakili, badilisha kazi ya mtu na vitu vya mkononi, basi. Pale palipo na sanduku la spana, weka mkoba wa nesi, au begi la rubani. Pale palipoandikwa makanika, andika mkutubi.

Nilimtazama Penseli, nikitumaini japo jicho la huruma. Alikuwa ananitazama, lakini sikuweza kuusoma uso wake. Alisema neno moja tu, kwamba kama maneno yatafanana, yeye atahitaji kusoma kila nakala ili ajue nyuso zitofautiane wapi. Bosi akasema asijisumbue, wote watabasamu.

Ningeweza kukataa. Naandika hili nikiwa na kikombe cha chai kilichopoa, na bado naona ningeweza. Lakini nilijiambia kwamba njia ya makanika itabaki nzuri hata kama nyingine nne ni kivuli chake, na mimi nahitaji msomaji mmoja tu. Nilikaa, nikanakili. Njia nne kwa alasiri moja. Mpishi akafungasha visu, mkutubi akafungasha vitabu, rubani akafungasha kofia. Wote wakaambiwa wasiende, wote wakasema hawaendi popote. Nilipofika kwa nesi, wa mwisho, mwanga ulikuwa unaondoka na duka la matairi limeshafunga. Sikurudia kusoma. Miaka kumi na sita ya kusahihisha makosa ya watu, na leo sikurudia kusoma.

10 Aprili

Mvua. Nimelala mchana.

17 Aprili

Kumetokea ugomvi, na wa kushangaza ni kwamba aliyegoma ni Penseli. Picha za mwisho zimekamilika. Wanawake wanne wanatabasamu kama ilivyoagizwa. Nesi hatabasamu. Ameshika mkoba wake mbele kwa mikono miwili, mdomo umefungwa, na macho yake yanamtazama mchezaji kwa namna inayokera, kama mtu aliyeulizwa swali asilotaka. Bosi alisema picha haiuzi na akaomba ichorwe upya.

Penseli alitoa hedifoni. "Hii siichori upya," akasema.

Bosi akaniuliza mimi, mwenye maneno, nesi pale anapaswa kuwaje. Nilitazama picha kwa nukta mbili hivi. Nikasema ni mwisho wa furaha, anapaswa kufurahi, na huyo anaonekana mgonjwa kuliko wagonjwa wake. Fundi alicheka. Penseli alinikodolea macho muda mrefu, akaonekana kama anayetaka kuniuliza jambo, kisha akakubali yaishe upande wake, isipokuwa picha hakuigusa. Siku zimekwisha, kwa hiyo imeingia hivyo hivyo.

Naona anaanza kuchoka na kazi. Wachoraji huchoka.

22 Aprili

Fundi ameujaribu mchezo mzima, njia zote tano, kwa dakika kumi na mbili. Kidole chake hakikuondoka kwenye kitufe cha kuruka. Amesema hauna kasoro.

29 Aprili

Mchezo umetoka. Bosi alileta soda. Mvua ilinyesha kutwa.

2 Mei

Barua za wateja zimeanza kuingia, na bosi ameniruhusu nizisome zote. Thelathini na moja. Ishirini na tisa zinahusu zawadi. Mmoja ameandika ukurasa mzima juu ya kivuli kilicho nyuma ya goti la rubani, kwamba mwanga unatoka kushoto na kivuli nacho kiko kushoto. Ameandika vizuri, kwa hoja na ushahidi. Ningempa kazi.

6 Mei

Hamsini na nne. Mmoja ametaja maneno. Anauliza kama yanaweza kuondolewa kabisa.

9 Mei

Hakuna. Ndoo imerudi kuwa moja. Ninahesabu siku kama mfungwa, tofauti ni kwamba mimi naogopa kutoka.

11 Mei

Shangazi ameniona nimenuna, akaniuliza kama bado nangoja sifa. Nikasema nangoja moja tu. Akasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nimeanza na maji kabla ya sifa. Nilikwenda kulala. Nilimchukia kwa takriban saa moja.

14 Mei

Imekuja.

Nitainakili yote, kwa sababu nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba naweza kuiandika bila kuitazama:

"Nimecheza njia zote tano, nilikuwa nauguza mguu na sikuwa na la kufanya. Mniwie radhi, nne ni maneno matupu. Lakini mwishoni mwa njia ya nesi, baada ya hotuba yote ile, yule mwanamume anamwambia, 'Usiende, Makanika.' Nilidhani nimesoma vibaya, nikarudi nyuma. Sikusoma vibaya. Na nesi amesikia, uso wake unaonyesha amesikia. Halafu anamjibu, 'Siendi popote.' Niliweka simu chini nikalia. Niliishi na mtu miaka tisa nikijibu hivyo hivyo. Aliyeandika mstari ule anajua anachokisema. Mpeni salamu zangu."

Mara ya kwanza nilidhani msomaji amechanganya njia. Nikafungua faili ya nesi, nikashuka mpaka mwisho. Katika hotuba ile kazi ya mwanamke inatajwa mara kumi na mbili. Nilikuwa nimebadilisha kumi na moja. Ya kumi na mbili, ya mwisho kabisa, nilikuwa nimeisahau, na makanika amebaki pale mdomoni mwa mwanamume anayemsihi nesi abaki.

Nilikwenda chooni nikacheka peke yangu, nikishika ukuta. Kisha nikaacha kucheka, nikarudi mezani na kuifungua ile picha. Safari hii niliitazama.

Anashika mkoba kwa mikono miwili kwa kuwa akiuachia mkono mmoja utatetemeka. Ameumia, na ameshaamua kubaki, na hataki aonekane kama ameumia. Kwenye kona ya jicho kuna uchovu wa mtu aliyetoka zamu ya usiku. Yote hayo yalikuwepo tarehe kumi na saba, nilipompa nukta mbili na mzaha. Penseli alisoma nakala yangu neno kwa neno, alilikuta kosa, akadhani nimelikusudia, na akagoma kwa ajili yake. Mimi ndiye niliyesimama upande wa bosi.

Nimeona aibu ambayo sijaiona tangu utotoni.

15 Mei

Bosi aliisoma barua kwa sauti, amesimama, na ahadi yake hakuipindisha hata kidogo. Alisema ahadi ni deni. Mchezo unaofuata ni wangu. Fundi alinipa mkono, akakiri kwamba amerudi kusoma mstari wenyewe na nywele zimemsimama. Bosi akasema kumbe nilikuwa na siri muda wote huo na nimewachezea kama watoto. Nilitabasamu. Sikusema uongo, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza swali.

Penseli alivuka chumba kizima kuja mezani kwangu.

"Nilikuwa nawasubiri wagundue, dada," akasema. "Siku ile ulipoikataa picha yangu nilishangaa, halafu nikaelewa. Hukutaka bosi ajue."

Nikamwambia asante.

16 Mei

Hakuna mvua. Sikula chakula cha jioni, na shangazi hakuuliza.

17 Mei

Penseli alifika kabla ya wenzetu, na mimi nilikuwepo, maana siku hizi silali vizuri. Alikuwa na mkoba wa karatasi. Alitandaza michoro saba mezani kwangu, ya penseli kweli, iliyofutwa na kuchorwa tena. Ni yule mwanamke wa mizani. Nilikuwa nimemsimulia bosi jana kwa maneno machache, naye Penseli alisikia, hedifoni au bila hedifoni. Alikesha naye. Katika mchoro mmoja mwanamke anasubiri mteja ashuke kwenye mizani, na ametazama pembeni ili mteja asione aibu ya uzito wake. Miaka minane nimembeba mwanamke huyu na sikuwahi kujua kwamba hutazama pembeni.

Alisema kuna jambo moja linamsumbua kuhusu nesi. Aliusoma ule mwisho mara tatu kabla ya kuchora, na kila mara alidhani nesi ataondoka.

"Ulijuaje kwamba atabaki?"

Alikuwa anauliza kwa dhati, kijiti chake kimewekwa chini, anangoja kujifunza kitu kutoka kwangu. Bosi ningemdanganya mwaka mzima bila taabu. Huyu sikuweza.

"Sikujua," nikasema. "Ni kosa. Nilinakili maneno ya makanika, nikasahau kubadilisha pale mwisho. Hata 'siendi popote' ni ya makanika."

Chini, mwenye duka la matairi alikuwa anafungua milango ya chuma.

"Kwa hiyo hukukusudia."

"Sikukusudia."

Aliitazama michoro yake, akanitazama mimi. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo.

"Na wale wengine wanne," akasema, "hao ulikusudia?"

Nilitafuta wa kumsukumia lawama: bosi, tarehe iliyosogezwa, zawadi za kila robo saa. Yote ni kweli. Lakini makanika nilipewa siku tano, hakuna aliyenisumbua, nikaandika nilichokitaka jinsi nilivyotaka, na sauti ikanitetemeka. Mwenye barua amemsoma mpaka mwisho. Amemweka katika maneno matupu pamoja na wenzake.

Nikamwambia ndiyo, hao nilikusudia.

Penseli alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa kuhusu njia. Akaikusanya michoro mmoja mmoja, akairudisha mkobani, akaenda mezani kwake na kuvaa hedifoni. Bosi alipoingia alileta mkataba mpya, akasema samahani, alisahau kuuleta jana. Nimeusaini. Mchezo ni wangu, mwanzo mpaka mwisho, kuanzia Jumatatu.